Ufundi wa Kurudi Nyuma

Beki wa hoki ya barafu hufanya sehemu kubwa ya kazi yake akirudi kinyumenyume. Mshambuliaji anamjia kwa kasi, kisahani kiko kwenye ncha ya gongo, na beki hawezi kugeuka akakimbilia lango lake, maana akishampa mtu mgongo, amekwisha. Inambidi arudi nyuma kwa kasi ileile ya anayemjia, juu ya chuma chembamba kilichofungwa chini ya kiatu, macho mbele, huku akijua bila kutazama lango liko wapi, ubao wa pembeni uko wapi na mwenzake yuko wapi. Wengi huutazama mchezo huu kwa ajili ya mabao. Mimi huwatazama hawa wanaorudi nyuma. Katika wote niliowafuatilia kwenye filamu za mechi za zamani, sijaona wa kumfikia Larry Robinson, beki wa Montreal Canadiens wa miaka ya 1970 na 1980, ambaye baadaye akawa kocha, kisha skauti, kisha mshauri, na kila kiti alichokalia akanyanyua nacho Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi kuu ya mchezo huu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: uwanja wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26, pembe zake ni za mviringo, na pande zote umezungushiwa ubao wa zaidi ya mita moja kwenda juu. Kila upande una wachezaji watano na kipa. Kinachogombaniwa ni kisahani cha mpira mgumu, chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 170 hivi. Nairobi wapo vijana wanaoucheza kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2005, na aliyewahi kusimama pale ukingoni anajua sauti ya chuma kikikata barafu. Kanada ni habari nyingine. Huko mtoto hufungwa viatu vya barafu kabla hajajua kusoma, na Robinson alikuwa mtoto wa huko hasa: alizaliwa Juni 1951 katika mji wa Winchester, mkoa wa Ontario, akakulia kijijini Marvelville kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa.

Hilo shamba silitaji kwa kupamba simulizi. Anayechunga ng'ombe hamvuti mnyama mzito kuliko yeye, na wala hamsukumi. Humzungukia kwa upande, akajiweka mahali ambapo njia pekee iliyobaki wazi ni ile inayoelekea zizini, na ng'ombe akaingia akidhani ameamua mwenyewe. Ukimtazama Robinson akimpokea mshambuliaji katikati ya uwanja, utaiona kazi hiyohiyo. Hamkimbilii. Anarudi nyuma huku amesimama kidogo upande wa ndani, kati ya mshambuliaji na lango, na upande wa nje, kwenye ubao, anauacha wazi. Ule uwazi unatamanisha. Mshambuliaji anauingia. Kila hatua anayopiga kuelekea lango inamsogeza pia kwenye ubao, na pembe ya kupigia shuti inazidi kuwa nyembamba. Hatimaye amebaki na ubao bega moja na Robinson bega la pili, na kisahani hakina pa kwenda.

Moyo wa ufundi huu ni umbali. Beki akiwa mbali mno na mshambuliaji, atakuwa amempa nafasi ya kupiga shuti kwa utulivu au kumtafuta mwenzake. Akimsogelea mno mapema, atapitwa kwa kugeuziwa mara moja tu. Umbali unaofaa ni kama urefu wa gongo na mkono, lakini hauwi uleule hata kwa sekunde mbili. Hupungua kadiri lango linavyokaribia, hubadilika kwa kasi ya anayekuja, kwa mkono anaoutumia kushika gongo, kwa mwenzake anayemfuata nyuma. Beki anaupima umbali huo kwa miguu, bila kufikiri. Gongo lake analishika kwa mkono mmoja, limenyooshwa mbele, bapa lake likigusa barafu mahali pasi ingepita. Macho yake hayako kwenye kisahani, maana kisahani hudanganya, na kichwa na mikono nayo hudanganya. Anatazama kifua. Kifua cha mtu hakiwezi kwenda upande mmoja na mtu mwenyewe akaenda mwingine.

Robinson alikuwa na urefu wa mita 1.93 na uzito wa kilo mia na ushee, mwenye nywele zilizojikunja na miguu mirefu, wakambandika jina la utani la yule ndege mkubwa wa manjano wa kipindi cha watoto cha televisheni ya Marekani. Watu wa umbo hilo kwa kawaida huwa wazito kugeuka. Yeye hakuwa mzito. Utotoni alicheza mbele, kama mshambuliaji, kabla ya kurudishwa nyuma, na naamini hapo ndipo siri ilipo. Alipokuwa anamtazama mshambuliaji akija, alikuwa anatazama kazi aliyowahi kuifanya mwenyewe.

Mwaka 1971 Montreal walimchukua katika uteuzi wa vijana, akiwa wa 20 kwenye orodha. Klabu hiyohiyo, siku hiyohiyo, ilimchukua Guy Lafleur akiwa wa kwanza, na kila mtu Kanada alijua Lafleur ni nani. Huyu wa 20 ilibidi aonwe na mtu mwenye jicho. Vijana kumi na tisa walitangulia mbele yake, na hata Montreal wenyewe walikuwa wamewachagua wengine kabla ya kumfikia. Kisha wakafanya jambo ambalo klabu chache zina moyo wa kulifanya: wakamwacha aive. Wakampeleka timu yao ya daraja la chini, Nova Scotia Voyageurs ya Halifax, na huko akakaa msimu mzima na nusu ya wa pili. Januari 1973, akiwa na miaka 21, akaitwa timu kubwa. Miezi michache baadaye alikuwa bingwa. Tukifika kwenye habari za uskauti, nitaomba msomaji aikumbuke ile namba 20.

Timu aliyoingia ilikuja kuwa mojawapo ya timu bora kupata kutokea katika mchezo huu. Kocha alikuwa Scotty Bowman, langoni yupo Ken Dryden, na nyuma Robinson alisimama na Serge Savard na Guy Lapointe, watatu ambao mashabiki waliwaita Wakubwa Watatu. Walichukua kombe mara nne mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1979. Msimu wa 1976–77, katika mechi 80, walifungwa mechi nane tu.

Fainali ya 1976 ina tukio moja ambalo wazee wa Montreal bado wanalisimulia. Wapinzani wao walikuwa Philadelphia Flyers, mabingwa wa miaka miwili iliyotangulia, timu iliyojijengea sifa kwa ngumi na vitisho. Wengi waliocheza nao walikuwa wameshashindwa kabla ya kuvaa viatu. Katika mechi ya pili, kwenye uwanja wa Forum, winga wa Flyers aitwaye Gary Dornhoefer alikuwa anapanda na kisahani kandokando ya ubao. Robinson akaja kutoka upande wa ndani na kumpiga kikumbo cha mwili mzima. Dornhoefer akaingia kwenye ubao, na ubao ukabonyea. Mechi ikasimama mafundi wakiurekebisha.

Watu husimulia nguvu ya kikumbo kile. Mimi nikikitazama naona hesabu. Kikumbo cha haki katika hoki kina masharti: anayepigwa awe na kisahani, mpigaji asiruke, asinyanyue kiwiko wala gongo, asimpige mtu mgongoni. Yote hayo yatimizwe na watu wawili walio kwenye mwendo mkali, mmoja akitaka kukwepa. Ukichelewa nusu hatua, unampiga hewa na yeye yuko peke yake na kipa. Ukiwahi nusu hatua, unajipigiza ubaoni mwenyewe. Robinson alifika wakati uleule ambao Dornhoefer hakuwa na pengine pa kupita, kwa sababu njia alishaifunga kabla ya kuanza kumwendea. Nguvu ilikuja mwisho, kazi ikiwa tayari imekwisha. Montreal walishinda mechi zote nne za fainali ile, na ukatili wa Philadelphia ukapungua bei. Katika mechi 1,384 za ligi, zilizotawanyika kwenye misimu 20, Robinson alikaa kwenye kibanda cha adhabu dakika 793 tu. Gawanya mwenyewe. Kwa jitu lile, katika enzi zile, ni kiasi kidogo sana.

Hoki ina takwimu moja inayowafaa mabeki. Timu zikiwa na idadi sawa ya wachezaji uwanjani, timu yako ikifunga ukiwa kwenye barafu, unaongezewa moja; ikifungwa, unapunguziwa moja. Msimu ule wa 1976–77 Robinson alimaliza akiwa na 120 juu ya sifuri. Ni beki Bobby Orr peke yake aliyewahi kupita hapo kwa msimu mmoja, 124 mwaka 1970–71. Kwa maisha yote ya uchezaji, hakuna aliyemfikia Robinson: yuko juu ya 700. Najua takwimu hii ina kasoro, maana mchezaji wa kawaida kwenye timu kubwa hubebwa na wenzake. Lakini hao wenzake wa Montreal nao waliichezea timu ileile, na hawakufika alikofika yeye.

Wala hizo namba hazikuja kwa kuzuia tu. Jambo ambalo mashabiki wageni huchelewa kuliona ni pasi ya kwanza. Beki akishampora mtu kisahani kwenye kona ya nyuma, ana muda wa pumzi moja kabla hajavamiwa. Walio wengi hukipiga tu kwenye ubao kiende zake. Robinson alikuwa ameshaangalia juu ya bega lake kabla ya kukifikia, kwa hiyo alipokigusa alikuwa anajua tayari kinakwenda kwa nani. Pasi moja, mita ishirini, tambarare juu ya barafu, hadi kwenye gongo la mwenzake aliyekwishaanza kukimbia. Pasi ikikosekana, alipanda nacho mwenyewe, kwa zile hatua ndefu, akivuka mstari wa bluu na kuingia eneo la wapinzani kama aliyesahau kwamba ni beki. Msimu uleule alifunga mabao 19 na kutoa pasi za mabao 66. Tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi, aliichukua mwaka 1977 na tena 1980. Mwaka 1978 akawa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Mwaka 1986, akielekea miaka 35, akachukua kombe la sita na kikosi kilichojaa vijana, akiwemo kipa wa miaka 20 aliyeitwa Patrick Roy.

Mwaka uliofuata alivunjika mguu akicheza polo, mchezo alioupenda sana. Alirudi uwanjani, na mwaka 1989 akahamia Los Angeles Kings, alikocheza misimu mitatu. Alipoondoka mwaka 1992, timu zake zilikuwa zimeingia hatua ya mtoano kila mwaka kwa miaka 20 bila kukosa. Miguu ya miaka ile ya mwisho ilikuwa mizito, haifichiki kwenye filamu. Kinachonishangaza ni kwamba hakupitwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Alikuwa anaanza kurudi nyuma mapema zaidi, hatua mbili kabla ya wengine kuona hatari. Kasi ilikuwa imepungua. Jicho lilikuwa limejaza pengo.

Na jicho hilo ndilo alilokwenda nalo kwenye benchi la ufundi. Mwaka 1993 New Jersey Devils walimwajiri kuwa kocha msaidizi chini ya Jacques Lemaire, mchezaji mwenzake wa zamani wa Montreal. Kazi yake ilikuwa mabeki, na mabeki wenyewe ni Scott Stevens na kijana Scott Niedermayer: mmoja mpiga vikumbo wa kutisha, mwingine mwepesi wa kuteleza kama hana uzito. Ukiwaweka pamoja wawili hao, unampata Robinson mwenyewe. Mwaka 1995 Devils waliwafunga Detroit mechi nne bila jibu wakachukua kombe lao la kwanza.

Miaka yake minne kama kocha mkuu wa Los Angeles, kuanzia 1995, haikuwa ya raha. Timu ilifika mtoano mara moja tu. Aliachishwa mwaka 1999, akarudi New Jersey kuwa msaidizi, cheo kimoja chini ya kile alichokuwa nacho. Wako wengi wa hadhi yake ambao wasingekubali. Machi 2000, zikiwa zimebaki mechi nane msimu umalizike, meneja Lou Lamoriello akamwondoa kocha mkuu na kumkabidhi Robinson timu.

Wakafika fainali ya ukanda wa mashariki, dhidi ya Philadelphia tena, na baada ya mechi nne walikuwa nyuma tatu kwa moja. Robinson, aliyejulikana kwa upole, aliwalipukia wachezaji wake chumbani. Pipa la taka lilipata kipigo. Waliokuwepo wamelisimulia mara nyingi, na wote wanasisitiza kwamba kilichowashtua ni nani aliyekuwa anapiga kelele. Kama angekuwa mtu wa makelele kila siku, maneno yale yangepita kama upepo. Devils wakashinda mechi tatu mfululizo. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kupindua matokeo kama hayo katika hatua ile.

Fainali yenyewe, dhidi ya Dallas Stars, iliisha kwenye mechi ya sita, Juni 10, kwa bao la Jason Arnott katika kipindi cha pili cha nyongeza. Mapema usiku ule mshambuliaji wao Petr Sykora alikuwa ameumizwa kwa kikumbo na kupelekwa hospitali. Kombe lilipotoka, Robinson alikuwa amevaa jezi ya Sykora, kocha wa miaka 49 na kijana wake yuko kitandani upande mwingine wa mji. Naipenda picha ile kuliko zote alizopigwa akiwa mchezaji. Beki hufundishwa tangu utotoni kuhesabu watu: wangapi wametangulia, wangapi wamebaki, nani hana mtu wa kumkaba. Usiku ule wengine walikuwa wanashangilia, naye alikuwa amehesabu na kukuta mmoja anakosekana.

Mwaka uliofuata walifungwa fainali na Colorado katika mechi ya saba, na Januari 2002 akaondolewa. Akabaki kwenye klabu akifanya kazi za uskauti na za ukocha maalumu, na mwaka 2003 Devils walipochukua kombe tena, yeye alikuwa mmoja wao. Mwaka 2005 alirudishwa kwenye ukocha mkuu, na Desemba ya mwaka huohuo akajiuzulu mwenyewe. Alisema wazi kwamba msongo wa kazi ulikuwa unamla. Namheshimu mno kwa hilo. Katika dunia ya wanaume wanaocheza na taya iliyovunjika, kusimama mbele ya waandishi na kusema kazi hii inaniumiza kunahitaji ushupavu ambao hakuna tuzo yake.

Uskauti ulimfaa zaidi, na nadhani ndio uliokuwa umemngoja muda wote. Skauti hukaa juu, mbali na barafu, mara nyingi kwenye kiwanja cha mji mdogo chenye baridi na watazamaji wachache. Mashabiki hufuata kisahani. Yeye hufuata mtu mmoja, hasa wakati mtu huyo hana kisahani. Je, anaangalia juu ya bega kabla ya kufika konani? Akikosea pasi, hutazama mwamuzi au hurudi mbio? Umbali wake na mshambuliaji ukoje dakika ya mwisho, miguu ikiwa imekwisha? Beki wa miaka 18 anaweza kuwa na shuti kali na kifua kipana na bado akawa hajui umbali. Mwingine anaweza kuwa mrefu, mwembamba, asiye na mpangilio, wa 20 kwenye orodha ya watu, na miguu yake ikawa tayari inajua. Kumtambua huyu wa pili kabla hajaiva ni kazi ya mtu aliyewahi kuwa yeye.

Baadaye aliwanoa mabeki wa San Jose Sharks, kuanzia 2012. Huko alikuwepo Brent Burns, jitu jingine lenye miguu myepesi, lililowahi kuhamishwa kati ya ulinzi na ushambuliaji, na ambalo mwaka 2017 lilichukua Norris ileile aliyoichukua Robinson miaka 40 kabla. Mwaka 2018 St. Louis Blues wakamchukua kuwa mshauri. Mwanzoni mwa Januari 2019 Blues walikuwa mkiani mwa ligi nzima. Juni wakawafunga Boston mechi ya saba, ugenini, na kuchukua kombe la kwanza katika historia ya klabu. Kwa Robinson lilikuwa la kumi: sita akiwa mchezaji, moja kocha msaidizi, moja kocha mkuu, moja skauti, na hili la mshauri. Alikuwa ametimiza miaka 68 siku kumi kabla.